Asumini: ua la Pwani lichanualo mara kwa mara, na namna ya kulitunza nyumbani

Watu wanaohamia Malindi, Watamu au Kilifi kutoka nyanda za juu hufika na mazoea yao ya bustani. Mojawapo ni hidrenjia, lile ua lenye vichwa vikubwa vya samawati au vya waridi ambalo hustawi kandokando ya nyumba za Limuru na Tigoni pasipo kudai mengi. Likiletwa Pwani, hubaki na majani yake kwa miezi michache, kisha hukonda, majani yakageuka manjano na matumba yasionekane. Mwenye nyumba huyalaumu maji, huilaumu mbolea, na mwishowe humlaumu mtunza bustani. Kosa si la yeyote kati ya hao.

Hidrenjia ya bustani, ambayo wataalamu huiita Hydrangea macrophylla, asili yake ni Japani. Aina zake za kawaida hutunga matumba kunapokuwa na ubaridi, kiasi cha nyuzi 18 za selisiasi au chini ya hapo, kwa wiki kadhaa mfululizo. Limuru huupata ubaridi huo bila shida. Malindi, hata usiku wa mwezi wa Julai, ambao ndio mwezi wenye baridi zaidi, joto kwa kawaida halishuki chini ya nyuzi 20. Mti unaishi, lakini haupati ishara ya kuuambia kwamba wakati wa kutoa maua umewadia.

Ni kweli kwamba siku hizi ziko hidrenjia fupi, za kupandwa hata chunguni, zinazosifiwa kwa kuchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mashuhuri zaidi ni ile iitwayo Endless Summer, ambayo mtaalamu wa mimea Michael Dirr aliitambua mwaka 1998 katika shamba la miche la Bailey Nurseries, jimboni Minnesota nchini Marekani, ikaanza kuuzwa mwaka 2004. Sifa yake ni kwamba hutoa matumba katika matawi ya mwaka uliopita na pia katika machipukizi mapya. Hata hivyo, ilichaguliwa kwa ajili ya nchi ambazo theluji huua matawi ya zamani. Haikukusudiwa jua la Januari la Mambrui.

Udongo nao una neno lake. Sehemu kubwa ya ukanda wa kuanzia Takaungu hadi Watamu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nao ni chokaa tupu. Hidrenjia hupenda udongo wenye uchachu, na rangi yake ya samawati hutokana na madini ya alumini ambayo mizizi huweza kuyanyonya katika udongo wa namna hiyo pekee. Wapo wanaotia shabu kwenye shina wakitumaini kuirudisha rangi. Katika udongo wa matumbawe, shabu hiyo huzimwa na chokaa kabla haijafaa kitu. Anayeshikilia kuwa na hidrenjia Pwani na aiweke chunguni, chini ya kivuli cha mwembe, katika udongo usio wa matumbawe, ainyweshee maji ya mvua, na ajue kuwa anafuga majani.

Mti mfupi, unaokubali kukaa chunguni, unaochanua tena na tena kila ukikatwa, tunao. Tumekuwa nao kwa vizazi vingi hata tumekoma kuutazama.

UA LENYEWE

Asumini wa Pwani ni yule ambaye wataalamu humwita Jasminum sambac. Kamusi huandika asumini. Wengi hutamka asmini, na wapo wanaoandika yasmini kwa kulifuata neno la Kiarabu, ambalo nalo lilitoka Kiajemi. Mhariri hana budi kuchagua moja na kushikamana nalo: katika makala haya ua ni asumini na mti wake ni mwasumini.

Asili ya mti huu ni Asia ya Kusini, na kutoka huko ulisambazwa na wasafiri na wafanyabiashara kuizunguka Bahari ya Hindi na kwingineko. Nchini Ufilipino umekuwa ua la taifa tangu mwaka 1934, na Indonesia iliufanya mmojawapo wa maua yake matatu ya taifa mwaka 1990. Wachina hutia harufu yake katika majani ya chai. Huko Madurai, kusini mwa India, hulimwa mashambani kama zao la biashara, na asumini wa mji huo alipewa hati ya kulindwa kwa jina la mahali atokako mwaka 2013.

Kwa Waswahili, asumini hana haja ya kutambulishwa. Ndiye anayetungwa uzi kuwa koja, ndiye anayefungwa pamoja na rehani, mkadi na mlangilangi kuwa kikuba kinachobandikwa nguoni au nyweleni, na ndiye anayemwagwa juu ya kitanda cha maharusi. Washairi wamemtumia kwa mapenzi kiasi kwamba anayelisoma jina lake katika shairi huenda asikumbuke kuwa ni mmea unaohitaji samadi.

Ziko namna mbili kuu zinazoonekana katika nyua zetu. Ya kwanza ina petali chache, tano hadi tisa hivi, hukua haraka na kutambaa kidogo ikiachwa. Ya pili ina petali nyingi zilizobanana mfano wa waridi dogo. Hukua polepole, husimama wima na haitanuki sana, kwa hiyo ndiyo ifaayo zaidi chunguni. Ya petali nyingi kupita zote huitwa na wauza miche wa Ulaya na Marekani Grand Duke of Tuscany. Husimuliwa kwamba mtawala mmoja wa Toscana, nchini Italia, aliletewa asumini kutoka Goa, akaupenda mti huo hata akapiga marufuku mtu yeyote kupewa tawi lake. Mtunza bustani wake alikata kitawi kimoja kwa siri, akampelekea mchumba wake, naye akakipanda. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi, lakini kimeeleza jambo la kweli kuhusu mmea huu.

Jambo hilo ni kwamba asumini wa aina hii huzaa mbegu kwa nadra mno, na wale wenye petali nyingi hawazai kabisa. Huwezi kumpata katika pakiti ya mbegu dukani. Kila mwasumini uliopo Malindi ni kipande cha mwasumini mwingine, uliokuwa kipande cha mwingine kabla yake, na mnyororo huo ulishikwa na mikono ya watu, mara nyingi ya akina mama, waliokatiana vitawi. Katika mitaa ya kale kama Shela, nyumba ya zamani ikibomolewa ili ghorofa ijengwe, mti uliokuwa kando ya kisima hung'olewa pamoja na ukuta. Kama hakuna jirani aliyewahi kuomba tawi, aina ile imekwisha.

KUUPANDA

Wakati mzuri wa kupanda vitawi ni mwanzo wa mvua za masika, yaani Aprili na Mei, ambapo hewa ina unyevu na jua si kali. Chagua tawi lisilo changa sana wala lisilo gumu kama kuni, lile ambalo ukilikunja hujipinda kabla ya kuvunjika. Kata kipande chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, chenye vifundo vitatu au vinne, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini na ubakishe mawili ya juu. Yakiwa mapana, yakate nusu. Kichomeke katika mchanga uliochanganywa na mbolea ya majani yaliyooza, vifundo viwili vikiwa ndani ya udongo, kisha kifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Kiweke kivulini. Baada ya wiki nne hadi sita, kitawi kinachotoa majani mapya kimeshika mizizi. Usikivute kukijaribu.

Mchanga utumiwao usiwe wa ufukweni, kwa kuwa una chumvi na vipande vya kaa na kome ambavyo pia ni chokaa.

Njia nyingine, ambayo haishindwi ila mara chache, ni kulilaza ardhini tawi la chini lililo bado mtini, kulikwaruza gome kidogo sehemu inayogusa udongo, kulifukia hapo na kulizuia kwa jiwe. Baada ya miezi miwili au mitatu hutoa mizizi, nawe hulikata na kulihamisha. Njia hii inamfaa anayetaka mche mmoja tu na hana haraka.

Mahali pa kuupanda pawe na jua la saa tano au sita kwa siku. Mwasumini uliowekwa kivulini huota majani mazuri ya kijani na kunyima maua. Aidha, upepo wa kusi, unaovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, huja na chumvi ya bahari. Nyumba iliyo karibu na ufuo ni afadhali ipande upande wa kaskazini au wa magharibi, ambako ukuta utaukinga mti.

Chimba shimo lenye upana na kina cha sentimita 45 hivi. Mawe ya matumbawe yatakayotoka yatupwe mbali, yasirudishwe. Jaza kwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi ya mbuzi au ya ng'ombe iliyooza vizuri, nusu kwa nusu ikiwa udongo wako ni mchanga mtupu. Wakazi wa Magarini wenye udongo mwekundu wana kazi nyepesi zaidi. Walio karibu na mto Sabaki, penye tope linaloshikilia maji, na waongeze mchanga, kwani mizizi ya mwasumini huoza ikisimama majini.

Chunguni mambo ni yale yale, ila chungu kiwe na upana wa sentimita 30 hadi 40 na matundu ya kutosha chini. Ndoo kuukuu iliyotobolewa inatosha kabisa. Kila baada ya miaka miwili mti utolewe, mizizi ya pembeni ipunguzwe, na udongo ubadilishwe.

MAJI NA MAJANI YA MANJANO

Swali linaloulizwa zaidi ni kwa nini mwasumini umekuwa wa manjano. Jibu hutegemea ni majani yapi. Yakiwa ya chini, yaliyozeeka, yamegeuka manjano yote, mti una njaa ya kawaida na samadi itaukidhi. Yakiwa machanga, ya juu, manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mti umekosa chuma. Chuma kimo udongoni, lakini chokaa ya matumbawe imekifunga. Kuongeza mbolea ya dukani ya aina ya CAN hapo ni kuongeza tatizo, kwa sababu nayo ina chokaa. Dawa ni samadi na majani yaliyooza kwa wingi, na kwa haraka zaidi ni mbolea ya chuma ya kupuliziwa majani, ambayo huuzwa katika maduka ya pembejeo.

Hapa kuna kosa moja la nyumbani ambalo halina budi kutajwa. Wengi wetu tumezoea kumwaga jivu la jikoni kwenye mashina ya maua, tukiamini kwamba ni mbolea. Katika nchi za udongo mchachu jivu hufaa. Katika udongo wetu wa matumbawe, jivu ni chokaa juu ya chokaa. Vilevile vifusi vya saruji vinavyoachwa na mafundi kando ya ukuta mpya vizolewe kabla ya kupanda chochote.

Maji ni mtihani mkubwa zaidi. Malindi na Kilifi hutegemea kwa sehemu kubwa maji ya visima vya Baricho, kandokando ya mto Sabaki, na mifereji inapokauka watu hurudia visima vya nyumbani, ambavyo karibu na bahari huwa na maji ya chumvichumvi. Mwasumini hauvumilii chumvi sana: ncha na kingo za majani huungua na kuwa kahawia. Asiye na maji mengine ayatumie hayo kwa wingi mara chache, ili yapenye na kuisukuma chumvi chini, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa la mabati ndiyo bora. Yale ya paa la makuti, kama tunavyojua sote, hayakingiki. Maji yaliyooshewa mboga au mchele yanafaa. Ya kufulia nguo kwa sabuni ya unga hayafai.

Mti uliokomaa ardhini unatosheka na kumwagiwa maji ya kutosha mara mbili kwa wiki katika miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi. Wa chunguni, katika miezi hiyo, hudai kila siku. Majani makavu ya mwembe yakitandazwa juu ya udongo hupunguza kazi hiyo kwa kiasi kikubwa.

KUUKATA ILI UCHANUE

Hili ndilo wengi wasilolifanya, kwa huruma au kwa kutojua. Asumini hutoka katika ncha za machipukizi mapya. Tawi lililokwisha kuchanua halitoi maua mengi tena mahali pale pale. Likiachwa hurefuka, likawa kamba, na mti mzima ukawa kichaka kisichochanua ila juujuu. Likikatwa, huchipua mawili au matatu, na kila chipukizi huja na matumba yake.

Basi kila mkupuo wa maua unapokwisha, kata theluthi moja ya kila tawi lililochanua, juu kidogo ya jozi ya majani. Tumia mkasi mkali. Tia samadi kidogo, mwagia maji, ngoja. Kwa joto la Pwani, maua mengine hutokea baada ya wiki sita hadi nane, kutegemea maji na afya ya mti. Mara moja kwa mwaka, Agosti au mapema Septemba, kabla ya mvua za vuli, ukate mti mzima ubaki na kimo cha sentimita 50 hivi, ukiondoa na matawi makavu na yaliyosongamana katikati. Atakayepita siku hiyo atadhani umeuua. Wakulima wa Madurai hukata kwa kimo hicho hicho kila mwaka mwishoni mwa Novemba, nao wanauza maua.

Mwenye miti mitatu asiikate siku moja. Akikata mmoja leo, wa pili baada ya wiki mbili au tatu, na wa tatu baada ya muda kama huo, nyumba yake haitakosa asumini kwa muda mrefu. Na mwenye kutazamia harusi, au anayeuza vikuba, na ahesabu nyuma. Harusi nyingi za Waislamu wa Pwani hufanywa kabla ya Ramadhani na baada ya Idi, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hutangulia ule wa kawaida kwa siku 11 hivi, tarehe ya kukata hailingani miaka miwili mfululizo. Anayekata Desemba kwa mazoea tu, pasipo kuitazama kalenda, huenda maua yake yakajaa mtini wakati hakuna wa kuyanunua.

Mbolea yenye naitrojeni nyingi, kama ya kunenepesha mahindi, itampa mwenye bustani majani ya kujivunia na maua ya kuhesabu kwa vidole.

WADUDU

Wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, utitiri mwekundu hushambulia upande wa chini wa majani, yakaonekana kama yaliyonyunyiziwa vumbi. Maji yaliyorushwa kwa nguvu chini ya majani, asubuhi kwa siku kadhaa, hupunguza wengi. Wadudu weupe mfano wa pamba, ambao sisimizi huwachunga, husuguliwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Matumba yaliyotobolewa na kugeuka zambarau kabla ya kuchanua yana kiwavi ndani. Yachumwe na yachomwe moto, yasitupwe chini ya mti. Majani ya mwarubaini yaliyopondwa, yakalowekwa usiku kucha, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo, yatawakinga wengi kati ya hao, na katika mji ambao mwarubaini umejaa kila uchochoro hakuna sababu ya kukimbilia sumu kali kwenye ua litakalowekwa nyweleni.

KUCHUMA

Asumini huchumwa alasiri, tumba likiwa limevimba, jeupe kabisa, lakini halijafunguka. Hufunguka lenyewe wakati wa magharibi, na harufu yake huwa kali usiku. Likichumwa asubuhi ya pili, huwa limekwisha kulegea, na likiachwa mtini hugeuka rangi ya waridi iliyofifia na kuanguka. Yaliyochumwa hufungwa katika jani la mgomba au kitambaa kilicholowa na kubanwa.

Kwa asiye na maji hata ya mwasumini, bogenvilia itamvumilia, nayo huchanua vizuri zaidi ikionjeshwa kiu. Liko pia waridi la jangwani, Adenium obesum, ambalo huota lenyewe katika nyika za Pwani na hukaa chunguni miaka mingi kwa maji kidogo sana; utomvu wake ni sumu, hivyo lisiwekwe penye watoto wadogo au mbuzi. Yote mawili hayana harufu ya asumini.

Anayetaka kuanza na aingie kwa jirani mwenye mti wa zamani, mwezi wa Aprili, mvua ikishaanza, akaombe akatiwe vitawi vitano au sita, kwa sababu si vyote vitakavyoshika. Avifunge kwa kitambaa kilicholowa, asiviweke juani njiani, na avipande siku hiyo hiyo kabla ya jua kutua.